Mama Tangi na Dakika Tatu za Kila Asubuhi

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, mwenzetu wa kitengo cha zege, ambaye kwenye faili ni Fundi Sanifu Mwandamizi na kila mahali pengine ni Mama Tangi, atastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 30 ya mwezi huu, saa kumi jioni. Kamati ya hafla ilimpa kazi ya kuandika wasifu huu mtu aliyekaa naye meza moja kwa miaka kumi na miwili. Walisema wamemchagua kwa sababu ana mwandiko mzuri. Ukweli ni kwamba mwandishi huyu ana sifa ya udadisi, na kamati ilijua kwamba kama kuna lolote la kujua kuhusu Mama Tangi, yeye atakuwa ameshaliuliza.

Ameliuliza kweli. Kuuliza si ujinga, ingawa Mama Tangi aliwahi kusema kwamba kwa mwandishi huyu kumekuwa ugonjwa.

Kwa wenzetu wa ghorofani ambao hawajawahi kushuka huku chini, kazi yenyewe ni hii. Mafundi wakimwaga zege la nguzo au la sakafu, huchota kidogo na kulijaza kwenye kalibu za chuma. Kesho yake hutoka kipande chenye pande sita sawa, nasi tunakiita kyubu. Kyubu huletwa maabara, huandikwa tarehe kwa rangi isiyofutika, kisha huzamishwa kwenye tangi la maji. Siku ya saba tunavunja baadhi kwa mashine. Siku ya ishirini na nane tunavunja zilizobaki, na namba inayosomeka hapo ndiyo inayosema kama nguzo itabeba nyumba au haitabeba. Kati ya siku hizo mbili hakuna cha kufanya. Zege linakomaa lenyewe majini, na mtu akilisimamia kwa macho makali halikomai upesi zaidi.

Mama Tangi alianza kazi kwa kuosha kalibu. Mwaka wa pili akapewa daftari la mapokezi, mwaka wa sita mashine, na mwaka wa kumi tangi lenyewe, ambalo tangu hapo hakuna aliyethubutu kulitia mkono bila ruhusa yake. Ufa ulipotokea kwenye ukuta wa tangi wiki ya likizo ndefu, alibeba maji kwa ndoo siku tatu ili kyubu za watu zisikauke, na mkuu wa kitengo aliporudi akamkuta amelala kwenye kiti, viatu vimelowa, kipimajoto mkononi. Hilo liliandikwa kwenye barua ya pongezi. Halikuandikwa kwamba alikataa kuinuka mpaka ahakikishiwe kuwa fundi bomba ameshafika.

Wakandarasi wanamkumbuka kwa mambo mengine. Kuna mmoja, mtu mzito wa mwili na wa cheo, aliyekuja siku ya kumi na tisa akitaka majibu ya siku ya ishirini na nane. Alieleza kwamba mheshimiwa fulani anasubiri. Mama Tangi alimvutia kiti, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia kwa upole kwamba zege halimjui mheshimiwa. Yule bwana alirudi baada ya siku tisa akiwa mpole kuliko alivyoondoka.

Sasa tuje kwenye dakika tatu.

Maji ya tangi hayatakiwi kupoa wala kupata joto kupita kiasi. Kwa hiyo kila asubuhi, saa mbili kasorobo, Mama Tangi hutumbukiza kipimajoto, na kipimajoto chetu ni cha zamani. Kinahitaji dakika tatu majini kabla ya kusomwa. Katika wiki yake ya kwanza, mwandishi aligundua kwamba katika dakika hizo midomo ya Mama Tangi inacheza. Alidhani anahesabu sekunde. Wiki ya pili akaleta saa yake kumsaidia, akatangaza kwa sauti kwamba dakika tatu zimetimia. Mama Tangi alifumbua macho, akamtazama, akasema, "Mwanangu, nilikuwa naongea na Mungu. Wewe ulikuwa unaongea na nani?"

Ndivyo tulivyofahamiana. Baadaye alieleza kwamba amechagua dakika hizo kwa sababu ni za kusubiri tu, na kusali ndani yake hakumwibii mwajiri chochote. Lakini hakusema anaomba nini. Kwa mtu wa aina ya mwandishi, hiyo ilikuwa sawa na kumfungia mwenye njaa nje ya jikoni.

Mwandishi alichunguza. Alibaini kwamba ombi ni lile lile, maana midomo ilicheza kwa mtindo ule ule, na mwishoni kulikuwa na neno fupi ambalo halikuwa amina. Alikisia ugonjwa, kisha kiwanja, kisha mchumba wa binti yake. Kila alipokisia, Mama Tangi alitikisa kichwa na kuendelea kupaka grisi kalibu. Alijibu mwaka wa tano, bila kuulizwa, siku ambayo mwandishi mwenyewe alikuwa amekosea kazi na amejificha stoo. Alimfuata huko, akaketi juu ya mfuko wa saruji, akamwambia lake.

Kisa hicho tunakiandika hapa kwa sababu alikubali wasifu huu kwa sharti moja tu: kosa lake nalo liandikwe. Alisema sifa bila kosa ni tangazo la biashara.

Miaka kumi na saba iliyopita zililetwa hapa kyubu tatu kutoka kwenye jengo la madarasa. Aliyemwaga zege lile alikuwa mdogo wake wa kiume, fundi mwashi, mtoto aliyemlea yeye baada ya mama yao kufariki. Ilikuwa kazi yake kubwa ya kwanza kama msimamizi. Siku ya ishirini na nane ilipofika, wenzake wote walikuwa wameenda kula. Mama Tangi hakuwangoja. Alikuwa na furaha, alitaka ampelekee mdogo wake majibu kwa mkono wake kabla ya jioni. Akazitoa kyubu majini, akazivunja peke yake, moja baada ya nyingine.

Namba zilikuwa mbaya. Alizirudia kwa macho, zikabaki mbaya, akaziandika kama zilivyo, kwa kuwa huo ndio uaminifu wa kazi. Kesho yake nguzo tatu zikabomolewa na mdogo wake akafukuzwa kwenye jengo.

Siku ya nne alikuwa akizoa vifusi vya kyubu zile ndipo alipoona michirizi ya mwiko. Hapa pana jambo la kueleza. Kyubu ina upande mmoja ambao haukugusa chuma cha kalibu, ule wa juu uliosawazishwa kwa mwiko. Upande huo hauwi bapa kabisa. Ukiulaza chini ya sahani ya mashine, uzito unashika sehemu chache tu, na kyubu nzuri huvunjika kama mbovu. Kyubu hulazwa kwa ubavu, kila mtu humu ndani anajua. Yeye siku ile, kwa furaha na haraka, alizilaza kwa uso.

Alipanda ghorofani saa ile ile na kujishtaki kwa mkuu wa wakati huo. Barua iliandikwa kwa mkandarasi, naye akajibu kwamba kilichobomolewa kimebomolewa. Kisha akaenda kwa mdogo wake, akamweleza yote, hakujitetea. Mdogo wake alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni. Alisema kwamba kyubu zingekuwa za mtu baki, dada yake angeangalia vizuri. Baada ya hapo hakusema naye tena.

Hilo ndilo lililokuwa likiombwa kwenye tangi kila asubuhi, na lile neno fupi la mwisho lilikuwa jina la utani la mdogo wake la utotoni. Hakuomba nguzo zirudi. Aliomba mdogo wake aseme naye.

Mwandishi, ambaye kanisani huonekana kwenye harusi na misiba, alikuwa na maswali mengi, na anakiri kwamba mengine hayakuwa ya adabu. Aliuliza kama hakwenda mwenyewe badala ya kumtuma Mungu. Alikuwa amekwenda mara tatu, na mara zote wifi yake alimpokea kwa heshima na kumpa kiti, huku mwenye nyumba akipitia mlango wa nyuma. Aliuliza kama aliandika. Aliandika kila mwaka, na barua hazikurudi wala hazikujibiwa. Aliuliza anajuaje kwamba kuna anayesikia. Mama Tangi alijibu kwamba hajui kwa namna anavyojua joto la maji. Anajua kwa namna alivyojua, akiwa mtoto, kwamba mama yake yupo chumba cha pili hata kama amenyamaza.

Washauri hawakukosekana. Katika kikundi chetu cha maombi cha Jumatano, kile kinachokutana stoo saa ya chakula, mmoja alimwambia imani yake ni haba. Mwingine alimwambia afunge, akafunga. Mhubiri mgeni aliyealikwa alimtabiria kwamba jambo lake litakwisha ndani ya siku arobaini. Siku ya arobaini na moja mwandishi aliwahi kazini makusudi aone sura yake itakuwaje. Alimkuta kwenye tangi, kipimajoto majini, midomo inacheza. Alipoulizwa kuhusu mhubiri, alisema yule kijana ni mwema ila hajawahi kufanya kazi na zege. Na mtu akimwambia subira huvuta heri, alikuwa akikubali, kisha anaongeza kwamba heri yenyewe ina mguu mzito.

Asidhani msomaji kwamba alikuwa mtakatifu wa kuchongwa. Mwaka wa kumi na moja wa ombi lake, mdogo wake alimwoza binti na hakumwalika. Alisikia habari sokoni, kwa muuza vitunguu. Miezi miwili baada ya hapo alitumbukiza kipimajoto na kufunga mdomo. "Nilimnunia Mungu," ndivyo alivyosema. Mwandishi aliuliza nini kilimfanya aache kununa. Alijibu kwamba alichoka kununa peke yake, maana mwenzake hakuwa amenuna. Asubuhi moja akajikuta anamsimulia Mungu habari za harusi ile kana kwamba Mungu naye hakualikwa, akalia, na kuanzia kesho yake midomo ikaanza tena.

Wakati huo wote hakukaa akikunja mikono. Siku ile ile aliyojishtaki aliomba iandikwe kanuni, na ikaandikwa: kila kyubu iwekwe alama ya chaki kwenye uso wake wa mwiko, na hakuna kyubu itakayovunjwa na mtu mmoja peke yake, hata iweje, hata kama mvunjaji ni mkuu wa maabara. Maabara nyingine tatu zimeinakili kanuni hiyo. Mwandishi alifundishwa kupaka chaki siku yake ya kwanza kazini na aliona ni usumbufu. Kwa miaka kumi na saba hakuna kyubu iliyolazwa vibaya humu ndani, na hakuna fundi aliyevunjiwa nguzo kwa kosa letu. Hilo ndilo jambo kubwa zaidi alilotufanyia, na tunalisema wazi.

Wasifu huu ungeishia hapa kama ungeandikwa mwezi uliopita.

Ijumaa ya tarehe 9, gari la mizigo lilishusha kyubu sita mapokezi. Mwandishi alikuwa zamu. Alichukua fomu kuijaza kwenye daftari, akaona jina la msimamizi wa ujenzi, akaketi. Fundi huyu ana kazi kubwa tena siku hizi, lakini kwa miaka yote kyubu zake amekuwa akizipeleka maabara ya mji mwingine, mwendo wa nusu siku, ili tu zisipite kwetu. Chini ya fomu pana nafasi ya maelekezo ya mteja, ambayo watu huiacha tupu. Humo palikuwa na maneno mawili kwa mwandiko wa mtu aliyezoea penseli ya useremala: "Apime dada."

Mwandishi alishuka ngazi na fomu ile kama amebeba yai. Mama Tangi aliisoma, akaisoma tena kwa miwani. Akauliza kama kyubu zimeandikwa tarehe. Akajibiwa ndiyo. Akageuza ndoo, akaikalia, akalia kwa sauti, na mwandishi kwa kukosa pa kutazama alitazama kipimajoto na hawezi kukwambia kilisoma nini.

Alhamisi ya tarehe 15, kyubu tatu za kwanza zilitimiza siku saba. Alizipaka chaki mwenyewe. Kanuni inataka shahidi mmoja, yeye aliita wawili. Namba zilikuja nzuri, nzuri kuliko zinavyodaiwa kwa umri huo, na alipomaliza aliosha sahani za mashine, akarudi kuziosha tena.

Jumatatu mdogo wake alikuja mwenyewe kuchukua ripoti. Ni mtu mrefu, mvi zimeanza, mikono imechanika kwa saruji. Mwandishi alikuwa kaunta na hana haya kusema kwamba hakuondoka. Mama Tangi alileta karatasi na kuiweka mbele yake. Aliisoma toka juu hadi chini, polepole, kama mtu anayejua kuzisoma. Kisha, bila kuinua macho, akauliza, "Dada, ulizilaza vipi?"

"Kwa ubavu," alisema Mama Tangi. "Niliita watu wawili waangalie."

"Haya."

Aliikunja ripoti, akaitia mfuko wa shati. Akasema zile tatu zilizobaki, za tarehe 6 mwezi ujao, atakuja kuziona zikivunjwa. Mama Tangi alimwambia kwamba tarehe 6 yeye atakuwa ameshastaafu, atakuwa nyumbani. Mdogo wake alikuwa ameshashika kitasa. Hakugeuka.

"Kwani nyumbani kuna nini?" alisema. "Njoo."

Akatoka.

Bila shaka mwandishi alimkimbilia Mama Tangi kuuliza kama hayo ndiyo majibu ya maombi. Alisema hajui ayaite nini. Msamaha haujatajwa, salamu haikutolewa, na miaka haikurudishwa. Lakini ameitwa dada, na ameambiwa njoo, na kwa hayo ameshashukuru asubuhi hii na atashukuru kesho. Mwandishi akauliza, basi, kwa nini miaka kumi na saba, na kwa nini mwezi wa mwisho wa kazi. Mama Tangi alicheka. Alisema amemuuliza Mungu swali hilo hilo, na hajajibiwa hilo nalo, kwa hiyo wakae wote wawili wangoje. Anazo sala nyingine mbili tatu zinazongoja. Hakusema ni zipi, na mwandishi amebakiwa na siku chache tu za kuchunguza.

Alhamisi hiyo ya tarehe 6, kwa taratibu zetu kwa wasio watumishi, Mama Tangi hataruhusiwa kupita kaunta. Ameshajua, na alipoombewa ruhusa ya pekee alikataa. Atakaa kwenye benchi la wateja, pale alipowaketisha watu kwa miaka thelathini na minne, akingoja namba isomwe na mtu mwingine. Kama mdogo wake ataketi karibu naye au atasimama dirishani, hatujui. Mwandishi amekaza mguu wa benchi uliokuwa unacheza. Tangu Jumatatu amefanya na jambo jingine ambalo wenzake watamtania kwa hilo: kila asubuhi, kipimajoto kikiwa majini, na yeye husimama kando ya tangi na kuomba kwamba watu wawili wakae kwenye benchi moja. Hajui kama anafanya sawasawa. Mama Tangi alimwona juzi na, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili, mwandishi ndiye aliyekosa swali.

Mama Tangi, asante kwa tangi, kwa chaki, kwa kutufundisha kazi, na kwa kutuacha tukuulize yote tuliyokuuliza. Tunakuombea uzee mwema, afya, na nyumba yenye wageni. Na Alhamisi tarehe 6 usichelewe. Tunafungua saa mbili kamili, na hatutaanza bila wewe.